Gari la Angani la Mzee Bhimji

Athumani mwanangu,

Nakuandikia ungali hapa hapa. Umekwenda ng'ambo ya bonde kuwaaga wenzako, na mzigo wako umeuacha mlangoni, kila apitaye anajikwaa. Mtu akinikuta namwandikia barua mtoto ninayelala naye nyumba moja atasema Bi Mwanaisha karukwa na akili. Na aseme. Mimi mdomo wangu naujua. Nikianza kusema nawe unapanda, nami napanda, na mwisho tunapigiana kelele kwa jambo ambalo wala silo tulilolianza. Kalamu ina subira kunishinda.

Sitakufundisha kufunga mzigo, wala sitakuambia kwamba ziwani kuna baridi, wala usali. Kama hayo hayakukuingia tangu ulipokuwa mgongoni mwangu, hayatakuingia kwa wino wa jioni moja. Ninalotaka kusema ni la jana dukani, maana umelala na hasira nami, na asubuhi umeniamkia shikamoo ya ncha ya ulimi.

Ulikuwapo, lakini acha nilieleze nilivyoliona mimi. Mzee Bhimji alikuwa ametoka Mabira kununua ngozi, amechoka, akakaa juu ya gunia nikampa kahawa ya kutafuna kama wanavyokaribishana watu wa hapa. Akatoa habari alizozipata Bukoba: kwamba huko Ulaya kwa Wadachi kuna watu wameunda gari linaloruka angani na mtu ndani yake. Duka zima likaguna. Naye akainua kidole, akasema hiyo kwao si habari. Kwamba vitabu vya kale vya Wahindi, vilivyoandikwa kwa Kisanskriti, lugha ya makuhani wao, vinaeleza wafalme waliosafiri angani mji kwa mji, na mishale iliyounguza jeshi zima kwa mara moja. Kwamba ufundi wote huo walikuwa nao babu zake, ukapotea vitani, na Wazungu wamevisoma vitabu hivyo tu wakaiba.

Kisha akaanza kuimba beti zenyewe, na kila ubeti akitufasiria. Gari linang'aa kama jua. Lina kengele pembeni. Linakwenda popote moyo wa mwenyewe unapotaka. Linavutwa na mabata maji weupe.

Alipofika kwenye mabata nikacheka. Si kutabasamu, nilicheka mpaka nikashika rafu ya kaniki. Nikamwuliza, "Mzee, na mabata hao walikuwa wanalishwa nini njiani?" Watu wote wakaangua kicheko. Yeye akarudisha kahawa kwenye kikapu. Ndipo wewe ukasimama, macho mekundu, ukampa mkono mbele ya wateja: "Mzee, wallahi, nikishajua kazi ya chuma huko Kisumu, gari hilo nitalijenga mimi, na mama ataliona likipita juu ya paa lake."

Kiapo hicho ndicho kilichonitoa usingizi. Safari siizuii. Nimeiombea safari hii kabla wewe hujaiota. Mzee Bhimji ndiye aliyekufungulia mlango: alikuona ukiifungua cherehani yake iliyokwama ukaikusanya tena ikashona, akamwandikia mpwa wake ambaye ni fundi katika karakana ya gari la moshi. Tangu baba yako afariki, yeye ndiye mwanamume unayemwendea ukiwa na jambo. Ninalohofia ni kwamba unakwenda kujifunza huku jibu umeshalitia mfukoni. Itafika siku mikono yako itajua kwamba jambo hili haliwezekani kwa beti zile, na ulimi wako, kwa heshima ya mtu unayempenda, utasema linawezekana. Siku hiyo utakuwa umekwisha kuwa fundi. Chuma hakimstahi mtu, na fundi aliyezoea kumdanganya mzee wake atakidanganya na chuma.

Sasa sikiliza kisa ambacho baba yako hakupenda kisimuliwe, ila mimi nilikuwa namsimulia mwenyewe kila alipojifanya anajua kila kitu, na alikuwa anacheka.

Tulipohamia hapa Nyakakika tulikuwa vijana. Biashara ya pembe ilikuwa imekufa, mkungu, yule mkuu wa kijiji, akatupa kipande cha ardhi mlimani tuanze kibanja cha migomba. Mimi mzaliwa wa Tabora, baba yako mtu wa Pangani, anayejua kusoma na kuandika na kujisifu. Kulima tulikuwa hatujui. Tukaazima jembe kwa jirani, yule mama Kokugonza aliyekuja kukulea baadaye. Baba yako akaanza kusafisha, na mara jembe likagonga mawe meusi, mazito, yameyeyuka yakaganda, mengine yanang'aa kama chupa. Akachimba pembeni akakuta mabomba mafupi ya udongo yaliyoungua mdomoni. Hatukuwahi kuona kitu cha namna hiyo.

Watoto wa jirani wakatuambia ni vitu vya Wachwezi. Unawajua, wale watu wa zamani wanaosemwa hapa, nusu watu nusu mizimu, waliotawala wakatoweka wasijulikane walikokwenda. Baba yako hakutosheka na watoto. Akamwendea mama Kokugonza, akamwuliza, "Hapa alijenga nani?" Yule mama akafunika mdomo kwa kiganja, akageuza uso, akaondoka bila neno. Akamwuliza na mke wa shemeji wa yule mama, walioolewa nyumba moja. Naye hivyo hivyo, akainama akaenda zake. Baba yako akarudi nyumbani mbio kwa furaha. Akaniambia, "Mwana, wanaogopa hata kutaja. Hapa chini pana jambo kubwa."

Na mimi nikamwamini! Tena mimi ndiye niliyemchochea. Nilisema watu walioweza kuyeyusha jiwe hawakukosa kuacha chombo chao, na sisi tukikipata tutakuwa watu wa kutajwa mpaka pwani. Tukachimba. Mvua za kupanda zikaja, wenzetu wakatia maharage, sisi tunachimba. Machipukizi ya migomba tuliyopewa na majirani yakakauka kando ya shimo. Mvua zikaisha, shimo likawa refu kuliko baba yako, na ndani yake hapakuwa na kitu ila mkaa, majivu, na mawe yale yale meusi.

Tulikuwa tumeanza kula kwa kuombaomba ndipo mama Kokugonza akaja na mkungu wa ndizi kichwani. Akasimama juu ya shimo akatuchungulia. "Mawe, mama yangu! Nani kafa?" akauliza. "Mnamzika nani shimo lote hili?"

Baba yako akamweleza habari ya Wachwezi. Yule mama alikasirika, Athumani. Aliitua ndizi chini kama anayetua ugomvi. Akasema mawe yale ni mavi ya chuma, na mahali pale palikuwa tanuri la mwenye nyumba aliyoolewa yeye. Hapo ndipo akili zikanijia. Mkwe wake! Mkamwana wa hapa hamtaji jina baba wa mumewe, hata akifa hamtaji. Baba yako alikuwa ameuliza "nani", na jibu lilikuwa jina lile lile asiloweza kulitamka. Sisi watu wa kuja tukachukua adabu ya mwanamke tukaigeuza kuwa siri ya mizimu.

"Ungeniuliza ilifanywaje," akamwambia, "ningekueleza siku ile ile huku natwanga." Na akaeleza. Walichimba mawe ya chuma kilimani, wakafinyanga kuta kwa udongo wa kichuguu, wakajaza shimo majani ya kinamasi wakayachoma, wakapanga mkaa, wakavukuta kwa mabomba yale ya udongo, kwa zamu, mpaka mikono ikafa ganzi. Wanawake hawakusogea, lakini waliopika chakula cha wavukutaji ni wao, na walijua ni lini kazi imekubali na ni lini imekataa, kwa sababu ikikataa wanaume walirudi hawasemi na mtu. Kazi ilikoma pale misafara ilipoanza kuleta majembe na nyaya za kununua. Misafara yetu sisi. Tulikuja na bidhaa tukaua kazi ya watu, halafu tukasimama juu ya majivu yake tukasema imefanywa na mizimu.

"Mnamnyang'anya mzee wangu kazi yake mnampa nani?" akasema. Kisha akaonyesha mkono wa baba yako. "Na hilo jembe mlilonalo mnadhani limetoka wapi? Limetoka hapo mnapochimba."

Baba yako alilitazama jembe lile kama aliyeshika nyoka. Mimi nilikaa chini ndani ya shimo nikalia, na katikati ya kulia nikaanza kucheka. Msimu mzima tumeutafuta ufundi uliopotea kwa jembe la ufundi wenyewe. Njaa ya mwaka ule ilinikondesha, lakini ilinifundisha kuuliza "vipi" kabla ya "nani".

Basi jana usiku nilizirudia beti za Mzee Bhimji, kwa haki safari hii, bila kicheko. Nikajiuliza, zinasema vipi? Zinasema nani alipanda, amevaa nini, anakwenda kumchukua mke gani. Zinasema kengele zililia. Hazisemi lilitengenezwa kwa mti gani, wala moto gani ulilisukuma, wala lilivunjika wapi. Wewe fundi wa cherehani utanielewa: mtu aliyewahi kukishika chombo hawezi kukisimulia bila kulalamika. Angesema upande wa kushoto unapwaya. Angesema mafuta ya aina ile hayafai. Anayesifu mwanzo mpaka mwisho ni mtu aliyetazama kwa mbali, au hakutazama kabisa, ametamani.

Lakini nisijidai. Nilipofika hapo nikajipinga mwenyewe. Unaukumbuka wimbo ambao wanawake waliutunga kwenye harusi ile ya Kamuli, wa cherehani ya Mzee Bhimji? Ndama wa chuma mwenye jino moja, anayekula uzi na kutapika kanzu. Kwa wimbo ule hakuna fundi duniani anayeweza kuunda cherehani. Na cherehani ipo, inakwaruza kila siku! Kwa hiyo wimbo usio na "vipi" hauthibitishi kwamba kitu hakikuwapo. Hapo nilikwama kidogo, nikachemsha chai.

Nikaona hivi. Cherehani haikuja peke yake. Imekuja na sindano zilizokatika, na kopo la mafuta, na uzi wa kigurudumu, na mteja anayegombana kwa kuharibiwa kanzu yake. Ukiufuta wimbo leo, hivyo vyote vimebaki. Mkwe wa mama Kokugonza hana wimbo hata mmoja, hata jina halitajwi, na mlima mzima umejaa ushahidi wake, ukilima utajikwaa. Gari la angani lina nyimbo elfu na halina msumari. Liliruka mji kwa mji, wafalme kwa wafalme, na halikuangusha hata kengele moja shambani kwa mtu? Waliounda hawakuwahi kuunda dogo, baya, lililogoma? Ufundi una utoto wake kama mtu. Jambo lililozaliwa na ndevu silo ufundi.

Usije ukanijibu kwamba na sisi tuna Nabii Suleimani aliyetiishiwa upepo. Ndiyo, na ninaamini, na hakuna aliponiambia kwamba upepo ule aliufua fundi. Alipewa na Mola. Mzee Bhimji angesema gari lile ni la miungu yake, ningemwachia dini yake na ningefunga mdomo. Yeye kasema ni ufundi. Akishasema ufundi ameniingiza dukani kwangu, na dukani kwangu kitu kinageuzwa kinatazamwa chini.

Kinachoniuma ni kwamba mzee huyu ana utajiri anaoukanyaga. Zile nambari alizokufundisha wewe kwenye vumbi la baraza, mpaka ukaweza kukadiria robota la kitambaa kwa kulitazama tu, Waarabu wenyewe huziita za Kihindi. Kile kiduara kidogo cha kitu kisichokuwapo, kinachogeuza moja kuwa kumi, fikiria mtu aliyekaa akakiwaza! Hicho kipo. Kinafanya kazi leo, hapa, kwa mimi na kwa Mdachi pale bomani. Kuna Mhindi aliyekiwaza ambaye hana gari wala kengele wala bata, na mjukuu wake anamruka kwenda kutafuta sifa mawinguni. Ni yale yale ya shimoni kwetu. Ukimpa mzimu sifa, kuna mtu aliyetoa jasho umemnyima.

Kwa hiyo nenda Kisumu. Ukifika karakana, usiwaambie watu unatafuta gari la angani, watakucheka kama nilivyocheka mimi, na wao hawatakuandikia barua. Shika kazi. Uliza vipi, kwa yeyote, hata kwa anayefagia vyuma. Najua utaiweza. Silisemi hili kukupamba, nimekutazama ukiwa na cherehani ile mapajani, ulimi nje, husikii hata ukiitwa kula. Kama siku moja mikono yako itagundua kwamba mimi ndiye niliyekosea, kwamba ndani ya beti zile mna jambo, njoo unisimamishe mbele ya wateja nami nitakubali kuchekwa. Sitakufa. Nimeshawahi kukaa shimoni.

Sasa la mwisho, na hili hukulijua.

Leo adhuhuri, ulipokuwa kisimani, Mzee Bhimji alikuja. Nilimtaka radhi kwa kicheko cha jana, akapunga mkono. Akakaa. Akachezea kamba ya gunia. Kisha akaniambia, "Bi Mwanaisha, mimi Kisanskriti hapana soma. Hata neno moja."

Nikamwuliza, beti je?

Akasema alikuwa anaimbiwa na baba yake. Walikuwa maskini sana kwao, na msimu wa mvua nyumba ilivuja, watoto wakashindwa kulala, na baba yake akawa anawaimbia gari la angani mpaka maji yakaisha kutona. Baba yake alisema, ipo siku mmoja wetu atalipanda. Yeye akapanda jahazi akaja huku, akamwacha, na hakumwona tena. Alipokuwa anasema hivyo machozi yalimtoka, mtu mzima, na wala hakuyafuta.

Kisha akaniomba. "Mtoto yako nakwenda jifunza. Yeye iko akili. Siku moja yeye tajua ile gari naweza ruka ama haiwezi. Kama haiwezi, wewe mwambie asiniambie."

Sikumwahidi kitu. Nilimpa kahawa, akatafuna, akaenda zake kufunga ngozi. Tangu hapo najadiliana na nafsi yangu. Ningeweza kukufichia ombi hili. Ningeweza pia kukuambia umstahi, umwache mzee na ndoto yake, kuna ubaya gani? Lakini yeye ndiye aliyekukabidhi nambari. Ukimdanganya utakuwa unamfanya yeye mteja na wewe mchuuzi. Mtu wa kwanza kukuamini ndiye wa kwanza anayestahili kweli yako, hata akikuomba umnyime.

Hivyo nakwambia umwambie. Usimwandikie, barua ya namna hiyo ni ya woga. Njoo mwenyewe. Mkute jioni akiwa amekwisha kula ndizi zake na maharage yake, hana mteja, hana haraka. Mwombe akuimbie tena, na wewe usikilize ubeti kwa ubeti, kengele, jua, mabata na yote, usimkatize. Mimi jana nilimkata kwenye mabata, na mpaka sasa sijui wimbo ule unaishaje. Wewe msikilize mpaka amalize na sauti yake itulie. Mwulize habari za baba yake.

Kisha mwambie.

Kwa radhi zote nilizo nazo juu yako, za mchana na za usiku,
mama yako,
Mwanaisha